Samora: Barabara ya majina manne yatafuta mwenyewe

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

SIMAMA kwenye Sanamu ya Askari saa 12 jioni, siku yoyote ya kazi, utazame Barabara ya Samora ikifungwa. Mageti ya chuma yanateremshwa moja baada ya jingine, walinzi wanatoa viti vyao nje, wauza magazeti wanafunga mizigo yao, na umati wa watu unaelekea upande mmoja tu, ule wa vituo vya mabasi. Ikitimu saa 2 usiku, barabara ambayo kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa uso wa Dar es Salaam hubaki na taa, walinzi na paka.

Kariakoo, ambako mtu anaweza kufika kutoka hapo kwa miguu, hali ni kinyume kabisa. Februari 2025 Serikali ilizindua huko utaratibu wa kufanya biashara saa 24, na hata kabla ya uzinduzi huo mitaa yake ilikuwa haijui vizuri maana ya kufunga. Mzigo unaingia usiku, unahesabiwa alfajiri na kuondoka asubuhi kwenda Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura.

Tofauti hiyo haikuletwa na uvivu wa wafanyabiashara wa Samora, kama baadhi yetu tunavyopenda kusema. Mizizi yake iko katika historia ya nani alimiliki barabara hii, nani aliruhusiwa kulala juu ya maduka yake, na nani aliamriwa kuondoka kila alipokaribia kuota mizizi. Leo, wizara zikiwa zimekwenda Dodoma na majengo ya zamani yakisubiri uamuzi wa mwenye mali, historia hiyo si hadithi ya kusimuliwa na wazee peke yao. Ndiyo itakayoamua kama Samora itabaki kuwa barabara ya watu au uchochoro mpana wa kupitia kwenda kwingine.

Chini ya migunga

Dar es Salaam ni mji mchanga ukilinganishwa na Kilwa, Pangani au Bagamoyo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, lakini alifariki mwaka 1870 kabla nia yake haijatimia, na mrithi wake, Barghash, hakuutilia maanani. Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walirithi majumba machache ya Sultani, minazi, na bandari iliyojificha vizuri kuliko zote za pwani hii.

Wakaanza kuchora. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, waliweka makazi yao, ofisi za serikali na, mwaka 1893, bustani ya mimea ambayo hadi leo ipo mwishoni mwa Samora, karibu na Makumbusho ya Taifa. Upande wa magharibi waliwaachia wafanyabiashara wa Kihindi. Barabara iliyounganisha pande hizo mbili waliiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga, jina lenye kuonyesha hamu ya mtu aliye ugenini kupata kivuli kama cha kwao.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Kwa jina la barabara hawakujisumbua sana: walilitafsiri tu, ikawa Acacia Avenue. Walichokifanya kwa bidii zaidi ni kuupanga mji kwa kanuni za ujenzi. Eneo moja lilitaka nyumba za aina ya Kizungu, la pili likaruhusu maduka na makazi yaliyobanana, la tatu likawa la vibanda vya miti na udongo. Kanuni zilizungumzia matofali na mabati, lakini kila mtu alijua zinamzungumzia nani. Ndivyo yalivyojijenga maneno ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ndiyo sababu uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi, uwe mpaka kati ya Kariakoo na mji wa wenye nazo.

Mwafrika alifika Acacia Avenue akiwa tarishi, mpishi, mpagazi au karani. Alifanya kazi yake, na jua lilipotua alirudi ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Tukiwatazama watu wanavyokimbilia mabasi leo saa 12 jioni, tukumbuke kuwa safari hiyo ni ya zamani.

Askari asiye na jina

Katikati ya barabara hii, inapokatana na Mtaa wa Azikiwe, wapo wanaopita kila siku kwa miaka 20 bila kuinua macho kumtazama askari wa shaba aliyeshika bunduki yenye singe iliyoelekezwa bandarini. Sanamu hiyo, kazi ya mchongaji wa Kiingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927. Nairobi na Mombasa zilipata za kwao wakati huo huo, kutoka kwa mchongaji huyo huyo. Maandishi ya chini yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling.

Imesimama kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumikia upande wa Uingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Hakuna jina hata moja la askari wala mpagazi lililoandikwa pale. Wala hapasemwi kwamba waliosimama upande wa pili, katika jeshi la Wajerumani, nao walikuwa askari Waafrika, pengine wa kabila moja na ukoo mmoja na hao wanaoenziwa.

Kabla ya vita hiyo Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini humu sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyezima upinzani wa Abushiri bin Salim na Bwana Heri pwani kati ya mwaka 1888 na 1890. Waingereza waliiondoa, ikasafirishwa hadi Ulaya na hatimaye kuwekwa Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu. Ilidumu hapo mpaka mwaka 1968, wanafunzi wa Kijerumani walipoifunga kamba na kuiangusha. Sisi hatukuwahi kumgusa askari wetu. Serikali ya uhuru ilibadilisha majina ya mitaa karibu yote inayomzunguka, yeye ikamwacha na singe yake. Nadhani ilifanya vizuri, ingawa sidhani kama ilifanya hivyo kwa kutafakari.

Kumbukumbu kubwa zaidi ya vita hiyo mjini humu haina shaba wala nguzo. Kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo. Kwa hiyo askari amesimama Uzunguni, na mpagazi aliyembebea mzigo amebakiwa na soko. Na soko ndilo linalostawi.

Kutoka Uhuru hadi Samora

Tarehe 9 Desemba 1961 ilipofika, jina la migunga liliondoka. Acacia Avenue ikawa Independence Avenue. Mwezi huo huo Dar es Salaam ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na ukumbusho wake ni ule Mnara wa Saa uliosimama kwenye ncha ya magharibi ya barabara, ambao saa zake, tuwe wakweli, zimewahi kupotosha wasafiri wengi kuliko kuwasaidia.

Mji ulikuwa mdogo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 tu, ambapo ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Hata hivyo, mji huo mdogo ulikuwa na uzito mkubwa barani. Chama cha FRELIMO kilizaliwa hapa tarehe 25 Juni 1962. Mwaka uliofuata kijana mmoja muuguzi kutoka Msumbiji, Samora Machel, alifika Dar es Salaam kujiunga nacho. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa chama hicho, aliuawa mjini humu kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969, na mwaka 1970 Machel akashika uongozi.

Aliijua barabara hii, basi, si kwa kusomewa. Machel, aliyekufa katika ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986, Tanzania ilimpa zawadi ya barabara yake kuu. Jina la Uhuru liliondolewa likawekwa la mtu aliyeupigania, na sijasikia mkazi yeyote akilalamika kwamba amepunjwa. Ukitembea kutoka bustani ya mimea hadi Mnara wa Saa utavuka au kupita jirani na mitaa yenye majina ya Luthuli, Shaaban Robert, Mirambo na Azikiwe, na ukiendelea mbele utajikuta upo Nkrumah. Ni miji michache duniani inayoweza kumpitisha mgeni katika historia ya ukombozi wa Afrika kwa muda usiozidi nusu saa, tena bila kiingilio.

Barabara hiyo hiyo ilikuwa na vitabu. Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1966, ndilo lililochapisha hapa nchini, mwaka 1972, kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, wakati Rodney akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Duka lake la vitabu lililokuwa Samora limestahimili misukosuko iliyowang'oa majirani wengi. Kwa sisi tuliosoma shule ambazo maktaba yake ilikuwa kabati moja lenye kufuli, kusimama dirishani pale ilikuwa safari kamili.

Mwaka 1971 na kilemba

Kama kuna mwaka mmoja ulioigeuza tabia ya Samora kuliko mwingine wowote, mwaka huo ni 1971. Benki zilikwisha kutaifishwa Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha. Aprili 1971 ikaja zamu ya majengo. Sheria iliyopitishwa mwezi huo iliipa Serikali uwezo wa kutwaa jengo lolote la kupangisha lenye thamani inayozidi Sh100,000. Mengi yaliyotwaliwa yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia. Fidia ilipungua kadiri umri wa jengo ulivyokuwa mkubwa, na lililozidi miaka 10 halikulipiwa kitu.

Itazame Samora kwa jicho la sheria hiyo. Majengo yake mengi yalijengwa kabla ya vita ya pili au miaka michache baada yake. Ni ya ghorofa mbili au tatu, duka chini na familia juu, yenye vibaraza vilivyopinda na mwaka wa kujengwa uliochongwa kwenye paji lake. Kwa maana nyingine, karibu yote yalikuwa na zaidi ya miaka 10. Wenyewe walilala wakiwa wenye nyumba wakaamka wapangaji. Wengi walikwenda Uingereza na Canada; waliobaki walijifunza kutowekeza katika kitu kisichoweza kubebwa.

Nia ya sheria ile ilieleweka. Haikuwa haki kwamba nchi iliyojitawala kwa miaka 10 bado mji wake mkuu ulikuwa mali ya kundi moja, lililokuwa limepata nafasi hiyo kwa sababu kanuni za mkoloni ziliwazuia wengine. Jambo ambalo halikufikiriwa vya kutosha ni nani atapaka rangi. Msajili wa Majumba, aliyekabidhiwa majengo hayo, alitoza kodi ndogo ya pango, na kodi ndogo haitengenezi paa. Mwaka 1990 mali hizo ziliunganishwa na zile za NHC, ambalo lilikuwepo tangu 1962, na shirika likawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote katikati ya jiji.

Hapo ndipo kilipostawi kile ambacho kila mtu wa mjini anakijua kwa jina la kilemba. Mpangaji wa kodi ndogo hakuwa na sababu ya kuachia fremu yake. Akitaka kuondoka, alimpisha mwingine kwa kitita cha fedha ambacho mwenye nyumba halisi hakukiona. Faida ya mahali pazuri kuliko pote nchini ilipita mkononi mwa watu wa kati, huku mabomba yakivuja. Majengo ya Samora hayakuchakaa kwa sababu ya umri pekee. Yalichakaa kwa sababu aliyepata faida hakuwa na wajibu, na mwenye wajibu hakupata faida.

Ruksa, dola na wamachinga

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya madirisha matupu. Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa, na Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 mlango ukafunguka zaidi. Hakuitwa Mzee Ruksa bure. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ikaleta maduka ya kubadilishia fedha, na kwa miaka zaidi ya 20 mtu aliyetaka kujua bei ya dola alikwenda Samora kusoma mbao za nje. Baadaye zikaja simu za mkononi, vinyago vya watalii na vyumba vya intaneti vilivyotoza kwa nusu saa. Wakati wa mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2006, jenereta zilipangwa kando ya barabara hadi mazungumzo yakawa hayawezekani.

Mwandishi wa makala haya ni mtoto wa kipindi hicho. Mama alinishika mkono kutoka kituo cha daladala cha Posta, tukapita maduka yote ya viatu ya Samora, tukauliza bei kwa heshima zote, kisha tukaenda kununua Kariakoo. Nilidhani ni ubahili wa mama yangu. Baadaye niligundua kuwa nusu ya jiji ilikuwa ikifanya hivyo hivyo.

Maduka ya kubadilishia fedha yalipata pigo mwanzoni mwa mwaka 2019, Benki Kuu ilipofanya operesheni iliyofunga mengi jijini. Kanuni mpya za mwaka 2023 zilifungua tena njia, lakini wateja walikuwa wamekwisha kujifunza kwenda benki au kutumia simu.

Kuhusu wamachinga, historia yao hapa ni ya mduara. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasaka kama wazururaji. Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja, iliyochukua nafasi ya Halmashauri iliyovunjwa mwaka 1996, ilisafisha vibanda. Mwaka 2006 waliondolewa tena. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza wapewe vitambulisho kwa Sh20,000 na wasibughudhiwe, wakajaa. Oktoba 2021, chini ya Serikali ya Awamu ya Sita, wakaamriwa kwenda maeneo waliyotengewa. Kila awamu ilikuwa na hoja yake, na mwenda kwa miguu aliyelazimika kushuka barabarani kati ya magari kwa kukosa pa kukanyaga alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mtu anayeondolewa mara nne katika miaka 40 na kurudi mara zote anatueleza kitu kuhusu barabara yenyewe: wapo wanunuzi wa bidhaa ndogo ambao maduka ya ndani hayajawahi kuwahudumia, na wapo wauzaji ambao kodi ya fremu haitawahi kuwaruhusu kuingia.

Wizara zilipofunga virago

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukakaa kwenye makabati kwa zaidi ya miaka 40, kiasi kwamba wengi tuliuchukulia kama methali. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kuwa Serikali itahama kweli, na ikahama. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu ya Chamwino.

Kwa taifa, huo ulikuwa utekelezaji wa ahadi. Kwa Samora, ilikuwa kuondokewa na mteja wa uhakika. Mtumishi wa wizara alikunywa chai hapa, alitoa nakala za nyaraka hapa, alinunua miwani, kalamu na tai hapa, na mwananchi aliyetoka mkoani kumfuata alilala gesti ya jirani na kula kwa mama lishe wa jirani. Watu hao hawakuondoka kwa siku moja, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele.

Wakati huo huo wenye fedha walikuwa wameanza kuikimbia foleni. Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006, na tangu hapo maduka makubwa, benki na ofisi za kampuni zimekuwa zikisogea kuelekea Msasani, Mikocheni na Barabara ya Bagamoyo, penye maegesho. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016 yalirahisisha kufika mjini kutoka Kimara, lakini pia yalirahisisha kuondoka: abiria hushushwa Kisutu, Posta ya Zamani au Kivukoni, hufanya shughuli yake moja na kurudi. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 huondokea karibu kabisa na Mnara wa Saa. Inaleta maelfu ya wasafiri kwenye mlango wa Samora. Wengi wao hupanda bajaji wakaenda zao.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kudhani kuwa tatizo la barabara hii ni maegesho. Hawa watu milioni tano hawaji mjini wote na magari. Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi Samora. Yale majengo ya duka chini na familia juu yalikuwa na macho dirishani usiku. Mtu alishuka kununua mkate, mtoto alitumwa dawa. Vyumba vya juu vilipogeuzwa kuwa ofisi, na ofisi zikageuzwa kuwa stoo za mizigo, barabara ilipoteza watu wanaoihitaji baada ya saa za kazi. Ingia mitaa ya nyuma, upande wa Kisutu, ambako familia bado zinaishi ghorofani, uone tofauti: saa 3 usiku mishikaki inachomwa na watoto wanacheza.

Nani ataamua?

Suala hili linakuwa la haraka kwa sababu majengo ya chini yanaondoka. Jengo la kale la Salamander halipo tena, na ghorofa refu la Salamander Tower linabeba jina hilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa, na katikati ya miaka ya 1990 orodha ya majengo ya Dar es Salaam ilitangazwa hivyo. Kalamu inayoweza kutangaza inaweza pia kutangua, na majengo mengi ya wafanyabiashara wa Kihindi ya miaka ya 1930 hadi 1950, ambayo ndiyo sura halisi ya Samora, ulinzi wake ni mdogo au haupo.

NHC nalo lina hesabu zake. Ardhi chini ya duka la ghorofa mbili katikati ya jiji ina thamani kubwa kuliko duka lenyewe, na mwaka 2022 shirika lilizindua sera iliyoboreshwa ya ubia ili wawekezaji binafsi wajenge juu ya viwanja vyake. Hakuna ubaya katika hilo peke yake. Majengo mengine yamechoka kiasi kwamba kuyaacha yalivyo ni kuhatarisha maisha. Lakini ubia una historia yake, na jiji halijasahau Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa kwa ubia na shirika hilo lilipoporomoka kwenye kona ya Indira Gandhi na Barabara ya Morogoro, likaua watu 36. Kona hiyo haiko mbali na Samora.

Kinachotakiwa kuulizwa kabla ya kila mkataba ni mambo ya kawaida mno kiasi kwamba huachwa. Je, chini patakuwa na maduka yanayofunguka barabarani, au ukuta wa vioo na mlinzi? Juu pataishi watu, au ni ofisi tena, katika jiji ambalo ofisi zinahama? Mpangaji wa miaka 30, ambaye hana kilemba cha kumpa mtu wala hati ya kumuonyesha, atarudi baada ya ujenzi, na kwa kodi gani? Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo iliyokuwa Manispaa ya Ilala, inaweza pia kufikiria kuifunga sehemu ya barabara kwa magari kuanzia jioni na kuwaruhusu wamachinga kupanga kwa zamu na kwa utaratibu, badala ya kusubiri mzunguko wa tano wa kuwafukuza.

Maswali hayo hujibiwa ndani ya ofisi, na wapita njia husoma jibu kwenye uzio wa mabati wa mkandarasi.

Jioni niliyokwenda kuandika makala haya nilimkuta mzee mmoja mpiga viatu rangi akikusanya brashi zake chini ya kibaraza, si mbali na sanamu. Nilimwamkia, nikampa kiatu changu kimoja kimoja, ingawa alikwisha kufunga hesabu. Nikamuuliza kwa nini hahamii Kariakoo, walikohamia wenzake na penye watu usiku na mchana. Alicheka kwanza. Akanieleza kuwa Kariakoo watu wanavaa ndala na raba, na mwenye ndala hana haja naye; viatu vya ngozi viko huku mjini. Kisha akahesabu kwa vidole wateja wake wa siku ile, wakaishia kwenye mkono mmoja, nikiwemo mimi. Zamani, akasema, ilipofika saa 4 asubuhi alikuwa amekwisha kuwamaliza wa wizara moja tu.